Kwetu Palestina ni Msikiti na Kanisa, Huku ni Daftari la Hesabu

Kila video ya wanafunzi wa Marekani wanaoandamana kwa ajili ya Gaza wakiburutwa na polisi ikitua kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, majibu hayabadiliki. Mjomba wa Tanga anaandika "Allah awalinde". Shangazi wa Moshi, mlokole wa siku nyingi, anaweka bendera ya Israel na mstari wa Zaburi. Kisha anaingia binamu yangu mmoja na hukumu yake: shibe hiyo, wangekuwa wanasubiri bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, wasingepata muda wa kulala kwenye majani. Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia kwenye michango ya harusi.

Nimeishi Harlem muda wa kutosha, jirani na vyuo viwili vilivyowaka moto wa maandamano mwaka 2024, na huyu binamu ananidai jibu siku nyingi.

Kwanza tuelewane nini kilitokea, maana video za nusu dakika hazielezi. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 2024, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walisimika mahema kwenye bustani iliyo mbele ya maktaba ya Butler. Madai yao makubwa yalielekezwa kwa wakuu wa chuo chao wenyewe. Columbia ina mfuko wa uwekezaji unaozidi dola bilioni 13. Wanafunzi walitaka chuo kitaje kampuni ambazo fedha hizo zimewekwa, kisha kiuze hisa za kampuni zinazofaidika na vita vya Gaza na ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina. Kesho yake rais wa chuo, Minouche Shafik, akaita polisi, na watu zaidi ya 100 wakakamatwa. Mahema yakaota upya kwenye bustani ya pembeni, na katika wiki mbili yakawa yameenea kutoka New York mpaka Texas na California. Muhula ulipokwisha, waliokamatwa nchi nzima walikuwa wamezidi 3,000.

Sasa, binamu, mwanafunzi ambaye ada yake inapita dola 60,000 kwa mwaka anauliza hela ile inafanya kazi gani usiku yeye akiwa amelala. Shibe iko wapi hapo? Mwanachama wa SACCOS anayedai kuonyeshwa vitabu vya hesabu hatumwiti mtu wa shibe.

Kwetu swali hilo halina pa kuulizwa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna mfuko wa mabilioni uliotawanywa kwenye masoko ya hisa. Chuo kinaishi kwa ruzuku ya serikali, ada na miradi. Mwanafunzi akisema "uzeni hisa", ataulizwa zipi. Mlango pekee wa kubisha ni wa serikali, na kubisha hapo kuna gharama. Ndiyo maana migomo ya vyuo tunayoikumbuka wengi wetu ni ya mikopo, kama ule wa Novemba 2008 ulioishia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Mlimani kurudishwa makwao. Siudharau mgomo wa bumu hata kidogo. Hela ya kula ikichelewa mwezi mzima, mtu huna nafasi ya kufikiria Gaza. Ninachokataa ni kulifanya tatizo letu kuwa kipimo cha akili za wengine.

Kwa kukosa mlango huo, Palestina kwetu imehamia kwenye nyumba za ibada. Daladala ina bendera ya Israel kwenye kioo cha nyuma, bodaboda anayeipita amejifunga skafu ya Kipalestina, na wote wawili wanazungumzia dini, si Netanyahu wala Hamas. Ijumaa ni dua, Jumapili ni maombi. Katika mabishano yetu ya kijiweni Mpalestina Mkristo wa Bethlehemu hayupo kabisa, na Myahudi anayepinga vita hayupo pia. Aprili ile ya mahema nilimtumia shangazi picha ya wanafunzi wa Kiyahudi wakila chakula cha Pasaka ndani ya kambi ya Columbia. Aliniuliza kama ni Wayahudi kweli au wamevalishwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Tanganyika ilipopata uhuru Israel ilikuwa rafiki wa karibu, na wakufunzi wake walishiriki kuliunda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Ajabu ya historia ni kwamba maandamano makubwa ya mwanzo ya Mlimani, Oktoba 1966, yalikuwa ya kukataa kupelekwa JKT kwa lazima. Vijana waliandamana na majoho yao, wamebeba bango lililosema wakati wa ukoloni kulikuwa na nafuu. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Binamu angelikuwepo siku ile neno lake la shibe lingefaa zaidi.

Baada ya hapo Mlimani iligeuka. Mwaka 1967 kikaanzishwa chama cha wanafunzi wanamapinduzi, mwenyekiti wake kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, na wakawa wanakwenda kuona maeneo ambayo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wameyakomboa kwa Wareno. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa akifundisha pale. Mwaka 1973 Tanzania ikavunja uhusiano na Israel, na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ikapata ofisi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi Palestina ilikuwa jambo la siasa ya nje, likijadiliwa pamoja na Afrika Kusini na Namibia, na hakuna aliyekuuliza unaswali wapi. Uhusiano ulirudi mwaka 1995, ubalozi wetu ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018, na sikumbuki kusikia mjadala wa maana chuoni juu ya hatua yoyote kati ya hizo.

Wazee wa Mlimani wakikusimulia enzi hizo machozi yanawalenga. Mimi nawasikiliza kwa heshima, ila nina swali: ni lini walipinga kitu cha nje ambacho Ikulu ilikuwa inakitaka? Ureno, Makaburu, Vietnam, Palestina, kote huko waliimba wimbo ambao serikali ilishaanza kuuimba. Walipogusa ya ndani mambo yalibadilika. Jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kwa uongozi wa chuo kuulalamikia ubabe wake. Alifukuzwa, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakamchukua mbele ya wenzake, na kwa kuwa alikuwa Mkenya, akapandishwa ndege kurudishwa Nairobi.

Weka picha hiyo pembeni kidogo.

Columbia nao wana historia yao, na inatugusa. Aprili 1985 wanafunzi walifunga milango ya jengo la Hamilton kwa wiki tatu wakilipa jina la Mandela, wakidai chuo kiuze hisa za kampuni zilizofanya biashara na Makaburu. Oktoba mwaka huo bodi ilikubali. Miaka hiyo vijana wa ANC walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi tuliyowapa. Usiku wa kuamkia 30 Aprili 2024 wanafunzi waliingia jengo lile lile, safari hii wakalipa jina la Hind, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa Gaza. Jioni polisi waliingilia dirishani kwa daraja lililounganishwa kwenye gari lao. Usiku huo huo walipanda pia City College, chuo cha umma huku kwetu Harlem, wakakamata watu 173, wengi kuliko Columbia, lakini kamera za dunia zilikuwa kwa matajiri. Helikopta zilizunguka juu ya paa zetu hadi usiku wa manane.

Tofauti na mwaka 1985, bodi haikukubali kitu. Chuo cha Brown kiliahidi kupiga kura juu ya kuuza hisa, wanafunzi wakaondoa mahema, na Oktoba bodi ikapiga kura ya hapana. Shafik alijiuzulu Agosti. Geti la Columbia la mtaa wa 116, ambalo zamani yeyote alikatiza, sasa bila kitambulisho hupiti. Mlimani daladala zinapita katikati ya chuo, mama anauza karanga kituoni, na hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Kwa hili Dar tumewapita mbali.

Yapo niliyoyachukia kambini, na sitayaficha ili nionekane mwanaharakati mzuri. Zilisikika kauli za kuisifu Oktoba 7, 2023, siku Hamas waliyoishambulia Israel. Siku ile watu wapatao 1,200 waliuawa Israel na 251 kutekwa. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, watoto wa watu, hawajui hata mpaka wa Gaza uko upande gani. Mwili wa mmoja wao ulishikiliwa Gaza miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Anayeiita siku ile ushindi simwelewi, na Mtanzania anayeirudia kauli hiyo simwelewi zaidi. Ila wakati mahema yanasimama, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imeshahesabu waliouawa zaidi ya 34,000, na wengi niliowaona pale walikuwa na hesabu hiyo kichwani. Na vurugu mbaya kuliko zote hazikufanywa na kambi: kule chuo cha UCLA, Los Angeles, kundi lililoipinga kambi liliishambulia usiku kucha kwa fimbo na fataki, na polisi wakachukua masaa kuingilia kati.

Turudi kwa Akivaga. Tarehe 8 Machi 2025, maafisa wa uhamiaji walimkamata Mahmoud Khalil, mhitimu wa Columbia aliyekuwa msemaji wa wanafunzi, mlangoni kwenye jengo analoishi na mkewe mjamzito. Kadi yake ya ukaazi wa kudumu ni ile ile ninayotembea nayo mimi. Hakushtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Walimpeleka Louisiana, mtoto wake akazaliwa yeye akiwa kizuizini. Wiki chache baadaye Rümeysa Öztürk, mwanafunzi Mturuki wa Tufts, alizingirwa barabarani na maafisa waliovaa barakoa wakati anakwenda kufuturu. Alichofanya ni kuandika makala na wenzake kwenye gazeti la chuo. Momodou Taal, mwanafunzi wa Cornell mwenye asili ya Gambia, aliona bora aondoke mwenyewe. Dar 1971 na New York 2025: ukitaka kuwanyamazisha wote, mtafute mgeni, mpandishe ndege.

Nyumbani wanadhani huku kila mtu anasema atakalo. Njooni muwaone wanafunzi wa Kiafrika wenye viza ya masomo, F-1, wanavyotembea pembeni mwa maandamano, kofia imeshushwa, simu mfukoni. Wenye uhuru wa kulala kwenye hema walikuwa wenye pasipoti ya bluu, na hata hao wapo waliosimamishwa masomo na wengine kunyang'anywa shahada.

Hata hivyo sitaki mtu asome hapa aseme "kumbe ni yale yale". Si yale yale. Öztürk aliachiwa na jaji mwezi Mei, Khalil akaachiwa na jaji mwezi Juni, serikali yenye nguvu kuliko zote duniani ikiwa imesimama upande wa pili wa chumba cha mahakama ikikataa. Kesi ziliendelea, lakini walilala kwao. Kwetu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani, risasi zikapigwa, watu wakafa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na intaneti ikazimwa siku kadhaa. Sisi wa huku tulikaa tunapiga simu haziingii. Jaji wa kumkimbilia wiki ile nani angempata?

Na kuhusu shibe, binamu amebadilisha wimbo siku hizi. Novemba aliweka picha ya Zohran Mamdani kwenye kundi: mtoto wa Kampala kawa meya wa New York, Afrika Mashariki juu. Nikamkumbusha kwamba baba yake, Mahmood, alifundisha Mlimani miaka ya sabini na sasa ni profesa Columbia, na kwamba Zohran mwenyewe alipokuwa chuoni Bowdoin ndiye aliyeshiriki kuanzisha tawi la wanafunzi wanaotetea Palestina. Alijibu kwa emoji.

Mpwa wangu amemaliza shahada ya kwanza Dar, anaomba ya uzamili huku. Tangu Juni 2025 ubalozi wa Marekani unamtaka mwombaji wa viza ya masomo aziache akaunti zake za mitandao wazi ili zikaguliwe. Alinitumia orodha ya posti zake za mashaka tuzipitie pamoja. Nusu zilikuwa za Gaza. Nusu zilikuwa za Oktoba 29, na hizo hazimhusu Mmarekani: baada ya intaneti kurudi, watu walitumiwa ujumbe wa simu kuwaonya wasisambaze picha za kuzua taharuki. Nilimwambia aombe pia Toronto na Cape Town, na ya posti aamue mwenyewe, kwa sababu mimi niko mbali na gharama yoyote itamwangukia yeye.

Juzi nimeangalia ukurasa wake. Za Oktoba kazifuta zote, za Gaza ziko pale pale. Nilipomuuliza alinijibu kwa sauti fupi: "Za Gaza zitaninyima viza tu, Anko."