Malkia Eleanor masikioni: uzuri na hatari ya riwaya za kusikiliza

Wanaodai kwamba kusikiliza riwaya si kuisoma wangepata taabu kumshawishi Eleanor wa Aquitaine, malkia wa Ufaransa na kisha wa Uingereza katika karne ya kumi na mbili. Babu yake, William wa Tisa, ndiye mshairi wa mwanzo wa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa, ambaye tungo zake zimetufikia, nazo zilitungwa ziimbwe mbele ya watu. Eleanor alikulia katika dunia ambamo hadithi ilisimuliwa na hata kitabu mara nyingi kilisomwa kwa sauti, wengine wakisikiliza. Riwaya ya maisha yake ikitufikia kwa sauti, haijavunjiwa heshima.

Na maisha yenyewe yanataka msimulizi. Aliolewa na Louis wa Saba wa Ufaransa mwaka 1137, akafuatana naye katika Vita vya Pili vya Msalaba. Ndoa ikabatilishwa Machi 1152, na Mei mwaka huohuo akaolewa na Henry, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza 1154. Wanawe walipomwasi baba yao mwaka 1173, yeye alisimama upande wao. Akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Henry alipofariki 1189. Msomaji hodari wa kitabu cha sauti hukupitisha humo bila kuchoka, tena hukutamkia Fontevraud na Poitiers, majina ya mahali yanayotukwaza sisi tuliosoma Kiingereza shuleni bila kukisikia Kifaransa.

Wasiwasi wangu uko kwingine: riwaya za nafsi ya kwanza. Kwenye karatasi, "mimi" ya malkia hubaki kalamu ya mwandishi. Mwigizaji akiitamka, akavuta pumzi, akatetemesha sauti, inageuka ushahidi. Na ushahidi wa kweli ni haba. Kuhusu miaka ile ya kizuizini, sehemu kubwa ya tunachojua inatoka kwenye hesabu za hazina ya mfalme: fedha za matunzo, malipo ya nguo. Hasira yake, upweke wake, majuto kama yalikuwapo, hakuna aliyeyaandika. Uvumi juu yake na Raymond, baba yake mdogo, kule mjini Antioch wakati wa vita vile vya msalaba mwaka 1148, tunao kwa John wa Salisbury, mwandishi wa zama hizo, ambaye hakuwapo. Riwaya ina haki ya kujaza mapengo hayo, ndiyo kazi yake. Lakini sauti huyajaza bila kuacha alama ya kiraka. Maelezo ya mwandishi, yanayotenganisha kumbukumbu na ubunifu, kwa kawaida huja mwishoni, wengi tukiwa tumeshazima. Wachapishaji wayaweke mwanzo.

Lafudhi nayo hupotosha. Eleanor anasikika kama bibi wa tabaka la juu la London, ilhali lugha zake zilikuwa za kusini na magharibi ya Ufaransa, na mumewe Henry naye alizungumza Kifaransa.

Kuna pia suala la majina. Mwaka 1141 Matilda, mke wa Mfalme Stephen, alikusanya jeshi dhidi ya Matilda, binti wa Henry wa Kwanza na mama wa Henry mume wa Eleanor, katika vita vya kugombea taji la Uingereza. Mama wa binti huyo aliitwa Matilda, na bibi yake mzaa baba vilevile. Mwenye kitabu mkononi hurudi kwenye ukurasa wa nasaba. Anayesikiliza huku anapika, au amebanwa ndani ya daladala, atawachanganya wote wanne. Wasomaji wazuri humpa kila mmoja sauti yake, na inasaidia. Hata hivyo, kwa vita vile bado nachagua karatasi.