Wafarini bado ina kazi

Ukikaa na madaktari wa magonjwa ya ndani hapa Dar, hukosi kusikia dawa mpya za kuzuia damu kuganda zikisifiwa kuliko wafarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo. Nawaelewa. Hazidai kila mara kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na hazigombani na mchicha wala matembele kama wafarini.

Ila kuna utafiti tuliouruka haraka mno: INVICTUS, uliochapishwa 2022 katika New England Journal of Medicine. Wagonjwa 4,531 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote wenye mapigo ya moyo yaliyovurugika na valvu (vilango vya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Wengine walipewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya, wengine wafarini au dawa za jamii yake. Wengi tulitegemea dawa mpya ishinde, au angalau itoke sare. Waliopata wafarini ndio waliokufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu kuwazidi wenzao.

Tena INR zao hazikuwa za kujivunia! Mwanzoni ni kama theluthi moja tu waliokuwa kwenye kiwango kinachotakiwa. Baadaye ilikuwa kati ya asilimia 56 na 65. Dawa ilisaidia hata hivyo.

Majaribio makubwa yaliyozipa dawa mpya umaarufu yaliwaacha nje wagonjwa ambao valvu yao ya mitrali, ya upande wa kushoto wa moyo, imesinyaa sana. Hao ndio wanaojaa kwenye mabenchi yetu, wengi wao wanawake vijana. (Akipata mimba ni habari nyingine, wafarini ina hatari zake kwa mtoto aliye tumboni.)

Nina mgonjwa wa aina hiyo wa Mbagala, muuza vitumbua, anayetumia wafarini. INR zake anaziandika kwenye kidaftari kilicholowa mafuta, na akifika huniuliza kwanza, "Dokta, leo mashine imepona?" Kuna miezi miwili mfululizo kurasa zake ziko tupu, kwa sababu vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viliisha maabara. Mwezi wa tatu alikuja na INR ya 1.2, chini mno ya inayotakiwa. Tungeweza kumbadilishia dawa tukajiona wa kisasa. Ushahidi unasema tungemwongezea hatari.

Kwa hiyo vikao vyetu vya kupeana habari za tafiti viache kuishia kwenye dawa. Tudai vile vifaa vidogo vya kupima INR kwa tone la damu ya kidole, viwekwe kwenye vituo vya afya vya Mbagala, Kigamboni, Gongo la Mboto. Mama yule apime asubuhi, apigiwe simu kuambiwa dozi, na saa mbili awe ameshawasha jiko lake.