Karani wa mzani afunguliwe akaunti kwanza

Kampuni nyingi hapa Mwanza zikishafungiwa mfumo mpya wa kompyuta wa stoo na hesabu, orodha ya watumiaji huanzia juu: mkurugenzi, meneja, mhasibu mkuu, ndipo wakumbukwe wa stoo na mapokezi ya mzigo. Naona tunaanza kinyume. Mkurugenzi anasoma ripoti tu. Namba zilizomo humo kaziingiza karani aliyevaa gambuti pale kwenye mzani, sangara wakishushwa kutoka gari la barafu. Huyo ndiye anayefunguliwa akaunti dakika za mwisho, tena ya kuchangia.

Akaunti ya kuchangia inanikera kuliko yote. Jina la kuingilia ni "mapokezi", neno la siri limebandikwa kwa selotepu pembeni ya skrini, na zamu zote zinalitumia. Siku kilo 400 zikigeuka 340, mfumo utakujibu kwamba aliyebadilisha ni "mapokezi". Mapokezi yupi? Wakubwa hujitetea kwamba programu nyingine hutoza kwa kila mtumiaji, na ni kweli. Basi wapunguzwe wale wanaoingia mara moja kwa mwezi kuangalia ripoti. Hao watumiwe ripoti hiyo kwa barua pepe.

Halafu kuna suala la saa, ambalo waliokaa ofisini mchana hawalioni kabisa. Chukua Odoo, mojawapo ya programu hizo za kuendeshea biashara. Inatunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, kisha inamwonyesha kila mtu muda kufuatana na majira yaliyowekwa kwenye akaunti yake. Akaunti ya karani wa usiku ikibaki kwenye UTC badala ya majira ya Afrika Mashariki, mzigo alioupokea saa nane usiku utamtokea kama wa 23:00, tarehe ya jana yake. Kwa kiwanda kinachouza minofu Ulaya, ambako kila shehena lazima ifuatiliwe hadi ilikotoka, hilo si jambo dogo. Na hata ukishaiweka sawa, mwambie waziwazi kwamba saa nane ya usiku inaandikwa 02:00. Usipomwambia ataandika 8:00, na kwake yeye yuko sahihi.

Vipimo navyo viwekwe kabla ya muamala wa kwanza, kwa sababu programu nyingi hazikubali ubadilishe kipimo cha bidhaa iliyokwisha kuuzwa. Anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba kwa gunia na kuwauza kwa kilo aamue mapema gunia lake ni kilo ngapi. Magunia hayalingani, kwa hiyo mimi ningepima kila moja na kuandika kilo.

Kuhusu ruhusa nitasema moja tu: anayesajili wasambazaji asiwe ndiye anayeidhinisha malipo yao, na bosi hahitaji funguo zote eti kwa kuwa ni bosi.

Mafunzo ya hotelini Capri Point, yenye chai, sambusa na picha za ukutani, sina ugomvi nayo, ila karani wa usiku huwa hayupo, kalala nyumbani. Mfuate kwenye zamu yake. Na salio la mkandarasi aliyefunga mfumo lisilipwe hadi karani huyo aingie kwa jina lake, apokee mzigo mmoja bila kusaidiwa, achape stakabadhi, na asubuhi mhasibu aukute kwa kilo zilezile na tarehe ileile.