Nihamie wapi na kinga (baiskeli) yangu?
Kinachoniudhi kwenye barabara ya Kasumbalesa, ya kwenda mpaka wa Zambia, si vumbi. Ni shofere anayekupigia honi wakati umeshabanwa ukingoni, lami imeisha na kando yako kuna mtaro. Nihamie wapi, jamani?

Hapa Lubumbashi, Kongo, tunapita upande wa kuume, lakini magari mengi yameletwa na usukani wa kuume vilevile. Shofere akitaka kulipita lori la shaba haoni mbele mpaka atoe karibu gari zima katikati ya njia. Akikuta kamio (lori) inakuja, anarudi kwa nguvu, na anayerudiwa ni mtu wa kinga. Halafu anashusha kioo na kututukana!

Na wale wanaosukuma kinga zenye magunia ya makala (makaa), makala yanayopikia chakula cha mji huu huu? Hawawezi kuruka pembeni. Mzigo ukiyumba, unawaangukia.

Wa taksi-busi ndiyo usiseme: anakupita, anakukata mbele, anafunga breki achukue abiria. Kaka, ningoje nipite kwanza. Punguza mwendo, niachie nafasi. Nami nina watoto wanaonisubiri nyumbani.