Moshi wa Islay unatoka wapi?

Mara ya kwanza nilipoonja Laphroaig, wiski ya Islay, niliirudisha glasi mezani. Ilinuka dawa ya vidonda, na nyuma yake moshi mzito kama wa samaki waliokaushwa usiku kucha. Rafiki yangu akaniambia, "Hiyo ndiyo bahari ya Islay." Nikaamini kwa miaka. Siku hizi nabisha.

Moshi ule ni wa jikoni, si wa baharini. Islay, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, kina miti michache na vinamasi tele. Watu wake walizoea kuchimba piti, yaani mimea iliyooza nusu na kushindiliwa kinamasini kwa maelfu ya miaka. Wanaikata vipande kama matofali, wanaianika, kisha wanaichoma. Shayiri ikishaota ni kimea, na kimea lazima kikaushwe. Kikiwekwa juu ya moto wa piti kingali kibichi, kinanyonya moshi, na harufu hiyo haitoki tena, hata wiski ikikenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, na kulala miaka 10 kwenye pipa.

Speyside, bonde la mto Spey huko Uskoti bara, nako walikuwa wakichoma piti. Reli ilipoingia bonde lile miaka ya 1860, makaa ya mawe yakafika kwa urahisi, moshi ukapungua, ladha ikaegemea kwenye matunda na asali. Ardhi ilikuwa ileile.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba eneo ndilo ladha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 inalinda majina matano ya maeneo ya wiski ya Uskoti: Highland, Lowland, Speyside, Islay na Campbeltown. Inadai wiski ikenekewe pale, basi; ladha haiigusi. Tazama kiwanda cha Springbank, pale Campbeltown. Chini ya paa moja wanatengeneza Longrow yenye piti nyingi, Hazelburn isiyo na piti kabisa na inayokenekwa mara tatu, na Springbank yenyewe iliyo katikati. Sijataja bado mapipa, ambayo mengi yalibeba wiski ya bourbon Marekani au mvinyo wa sheri Hispania, na yanabadilisha kinywaji kuliko ramani yoyote.

Juzi nilimmiminia rafiki yuleyule Bunnahabhain ya miaka 12 bila kumwonyesha chupa. Akaionja mara mbili, akasema ni ya Speyside. Nikamwonyesha lebo: Islay. Kimea chake hakikupita kwenye moshi wa piti.

Kwa hiyo ukiwa dukani, muulize muuzaji kimea kilikaushwa kwa moto gani, na pipa lilikuwa la nini kabla.