Nyoka wa kaka yangu

Jamani mimi nyoka hajawahi kuniuma wala kunifukuza, ila namuogopa balaa. Kwa nini? Sijui, utotoni nilikuta watu wazima wanakimbia na mimi nikaunga tela.

Sasa usiku mmoja nimelala kwa kaka yangu, naamka kunywa maji, taa siwashi eti nisisumbue watu, kufika sebuleni nikakanyaga kitu cha baridi, kirefu, halafu kikaning'ata kidole! Weee! Nilipiga yowe "NYOKAAA", sijui niliruka vipi, nikajikuta juu ya meza. Kaka akatoka mbio na fagio, taulo kalishika kwa mkono mmoja, anapiga sakafu gizani pwaa pwaa, pigo moja likatua kwenye mguu wake mwenyewe na yeye akalia "Kanipata!" akanifuata mezani. Wifi akawasha taa, akaona kitu cheusi kimejikunja kinachungulia chini ya kochi, naye huyo juu. Kaka bado anajifanya mtaalamu, "Tulieni, aina za nyoka ziko karibu 4,000, zenye sumu ni kama 600 tu", huku kang'ang'ania bega langu kucha zinaingia.

Mara mtoto wao mdogo akatokea anafikicha macho, akaenda moja kwa moja kochini akakivuta. Mkanda wa suruali wa baba yake. Ule mwiba wa chuma ndo ulionichoma. Mtoto anacheka, anatuonyesha, ila sisi midomo ilishatangulia, "Tupaaa! Achaaa!" Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, mdomo ukaanza kutetemeka, akautupa akaangua kilio kutushinda wote.

Baadaye ndo nikasoma habari za mwanasaikolojia Susan Mineka wa Marekani. Miaka ya 1980 yeye na wenzake walikuwa na kima waliozaliwa maabara, nyoka hawana habari naye kabisa, wakawaonyesha kima wa porini wakimuogopa nyoka na wale nao wakashika woga chapchap. Wakaja kuwaonyesha video iliyochezewa ionekane mwenzao anaogopa maua, aaah, hawakujali hata kidogo. Yaani woga wa nyoka kichwani umeshatengewa kiti, anasubiriwa mpiga yowe tu, na kwenye ile nyumba mpiga yowe ndo mimi shangazi.

Saivi mtoto akiona mkanda anapanda meza. Kaka asubuhi anatoka kashikilia suruali kwa mkono, mkanda anauvalia nje nyuma ya mlango, na wifi akinipigia simu hata salamu hakuna.