Pima Maktaba kwa Siku Inapogoma

Kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi wa programu kuna swali lisilochoka: "Wakuu, nataka kutengeneza mfumo wa duka, wa kompyuta ya mezani. Nitumie maktaba gani?" Maktaba anayoiulizia ni msimbo ulioandikwa tayari wa kuchora madirisha na vitufe, Qt na Electron zikiwemo. Majibu humiminika kabla hata mtu hajauliza hilo duka lina kompyuta ya aina gani. Mmoja anasema Qt, mwingine Electron, wa tatu anasema programu za mezani zilishakufa, peleka kila kitu kwenye wavuti. Kila mtu anatetea alichokizoea, na muulizaji anaondoka na jina lililotajwa mara nyingi zaidi.

Mimi naona tunapima kitu kisichostahili. Vitufe vizuri na mashabiki wengi ni mambo ya siku ya kwanza. Maktaba ya kiolesura ichaguliwe kwa namna inavyoharibika: siku ikigoma kwenye kompyuta usiyoiona, mbele ya mtu ambaye hajui na hana sababu ya kujua Qt ni mnyama gani, itakupa nini cha kushika?

Simu za wateja huwa hivi:

"Mwanangu, mashine imegoma."

"Pole, mama. Imeandika nini?"

"Imeandika Kizungu, halafu ikajifunga."

Huyu mama anauza vipuri, watu wamejaa kaunta, anachotaka ni risiti itoke. Ukimwomba picha atakutumia ya skrini iliyopigwa kwa simu kiupandeupande, taa ya dukani ikimulika katikati ya sentensi unayoihitaji. Ndiyo taarifa yote utakayopata, na programu uliyoiandika ndiyo itakayoamua kama inatosha.

Chukua Qt, ambayo naiheshimu kuliko zote. Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walianza kuiandika mwaka 1991. Tangu hapo imepita mikononi mwa Trolltech, Nokia, Digia, na sasa The Qt Company, na bado inadunda. Lakini kila anayeanza nayo anakutana na kisa kilekile. Programu inafanya kazi vizuri kwake, akiihamishia kwa mteja kwa flashi inakataa kufunguka, ikilalamika kwamba hakuna programu-jalizi ya jukwaa iliyoweza kuanzishwa. Mgeni anasakinisha upya Qt. Ikishindikana, anasakinisha upya Windows! Kumbe kinachokosekana ni faili moja, qwindows.dll, linalotakiwa kukaa kwenye folda iitwayo platforms pembeni ya programu. Qt hulitafuta pale programu inapowaka, kwa hiyo zana zinazokagua programu inategemea nini mara nyingi hazilioni. Chombo cha windeployqt hukusanya mafaili haya yote kwa mkupuo.

Ikiendelea kugoma, weka QT_DEBUG_PLUGINS iwe 1, kisha iwashe programu kutoka kwenye dirisha jeusi la amri. Qt itamwaga orodha ya kila folda iliyopekua na sababu ya kulikataa kila faili. Mara nyingi utakuta faili lipo, ila ni la toleo jingine, au ni la biti 32 na programu yako ni ya biti 64. Ujumbe wa juu ni mbovu, nakubali, lakini kuna mlango wa kuingilia ndani. Maktaba yenye mlango kama huo nitaivumilia mengi.

Sasa linganisha na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ikafungashwa kwa PyInstaller kuwa faili la kubofya, bila dirisha la amri. Mteja anabofya mara mbili, kipanya kinazunguka kidogo, kimya. Hakuna ujumbe wala dirisha. Hali hiyo ina sababu nyingi, na mojawapo inachekesha: programu isiyo na dirisha la amri haina pa kuandikia, na maktaba yoyote iliyozoea kuchapa maendeleo yake kwenye skrini nyeusi inaweza kufa palepale kwa kukosa pa kuchapa. Kwako ukiiendesha kutoka kwenye kihariri, haifi. Ndiyo maana jambo la kwanza ninaloandika kwenye mradi wowote wa mezani ni faili la kumbukumbu linalofunguliwa kabla ya kitu kingine chochote, na kila hitilafu isiyokamatwa inaandikwa humo. Mama wa vipuri ataweza kunitumia faili lile kwa WhatsApp. Kunisomea Kizungu kwenye simu, hapana. PyInstaller ina mkosi mwingine pia: baadhi ya antivairasi huishuku bila kosa na kulifuta faili lako. Mteja anakuambia programu "imepotea", na kweli imepotea.

Malalamiko ninayoyapata kuliko yote ni ya dirisha kuganda, na hapo maktaba husingiziwa. Muuzaji anabonyeza Hifadhi. Programu inatuma risiti kwenye printa, printa imezimwa au waya umelegea, programu inasubiri. Ikiwa inasubiri haichori dirisha wala haisikii kipanya. Zikipita sekunde 5 Windows inalipausha dirisha na kubandika "Not Responding" juu yake. Ila muuzaji hakusubiri hizo sekunde, ameshabonyeza tena na tena, na mibonyezo ile ya mwanzo imekaa kwenye foleni. Printa ikiwaka, yote inatekelezwa. Plagi moja imeuzwa mara tatu, na jioni hesabu ya stoo haikubaliani na rafu.

Dawa yake haibadiliki sana kati ya maktaba na maktaba: kitufe kizimwe mara tu kinapobonyezwa, kazi ya kusubiri ipelekwe kwenye uzi wa pembeni (njia ya pili ya utekelezaji ndani ya programu ileile), na uzi huo usiguse dirisha hata kidogo, ulete jibu kwenye uzi mkuu, na huo mkuu ndio ubadilishe maandishi. Wote tunaijua kanuni hii, na wote tunaivunja tukiwa na haraka. Tofauti iko kwenye namna unavyoambiwa umeivunja. WinForms, maktaba ya Microsoft, ukiwa unaiendesha ndani ya kitatuzi (chombo cha kusakia makosa), inakusimamisha kwenye mstari uleule ulikokosea na kukueleza umegusa nini kutoka wapi. Qt mara nyingi inaandika onyo kwenye dirisha la amri, ambalo huliangalii, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kitu, hadi siku inapoanguka bila mpangilio wowote. Hapa WinForms inamshinda mkubwa wake, na hoja hii sijaisikia hata mara moja kwenye mabishano yetu ya maktaba.

Na kwa kuwa nimetaja printa: usipoteze muda kubembeleza vifaa vya kuchapisha vinavyokuja na maktaba. Vimezoea karatasi za A4. Printa ndogo za risiti za milimita 58 huweka herufi 32 kwa mstari katika maandishi yake ya kawaida, na nyingi zinaelewa amri za ESC/POS zilizoanzishwa na Epson. Tuma baiti zenyewe moja kwa moja na ukate karatasi kwa amri yake. Mistari haitapinda tena.

Sasa kompyuta zenyewe. Madukani ninakopita nyingi ni za mtumba, zimeshafanya kazi ofisi za watu Ulaya, RAM GB 4, na baadhi bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Mwambie mteja ukweli kwamba kuiunganisha na intaneti ni hatari. Lakini hatanunua nyingine kesho kwa sababu wewe umesema. Na hapa ndipo toleo jipya kabisa linapokuchongea. Python ilikomea 3.8 kwa Windows 7. Qt 6, iliyotoka Desemba 2020, inataka Windows 10 kwenda juu, wakati Qt 5.15 bado inakubali 7. Electron iliiacha Windows 7 pamoja na 8 na 8.1 kuanzia toleo la 23, mwaka 2023. Ukianza mradi kwa kupakua kilicho ukurasa wa kwanza, umeshamwagiza mteja kompyuta bila kumwambia.

Dalili zake zinapotosha vibaya. Programu ya Python 3.9 kwenye Windows 7 inalalamika kwamba faili la api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halipo. Ukilitafuta jina hilo mtandaoni unaletewa tovuti zinazogawa mafaili haya ya DLL, vipande vya msimbo vya Windows, moja moja kama karanga. Usithubutu. Kwanza hujui ndani yake kuna nini. Pili, faili halikupotea, Windows hiyo haijawahi kuwa nalo. Kinachotakiwa ni kurudi Python 3.8, basi.

Leseni nazo ni hitilafu, ila zinachelewa kulipuka. PySimpleGUI, maktaba ya madirisha ya Python, ilianza mwaka 2018 ikiwa huria, wanaoanza wakaipenda kwa sababu dirisha linatoka kwa mistari michache. Mwanzoni mwa 2024 toleo la 5 likaja na leseni ya kulipia kwa matumizi ya biashara, na matoleo ya zamani yakaondolewa kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python. Aliyekuwa anasakinisha upya kwa mteja siku hiyo alikuta amri yake ya jana haileti kitu cha jana. Watu walichukua msimbo wa zamani wakauendeleza kwa jina la FreeSimpleGUI, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Mwenye nakala ya maktaba kwenye diski yake hakuhitaji hata kusubiri hilo. Wanaosita kati ya PyQt na PySide, njia mbili za kuitumia Qt kwa Python, nao waangalie hapohapo: PyQt ni GPL (ukiisambaza programu, msimbo wako nao uutoe) au ulipie, PySide ni LGPL (msimbo wako unaweza kubaki wako). Kama mfumo wako unauzwa na msimbo wake hutaki kuutoa, hiyo si tofauti ndogo, hata kama msimbo wenyewe wa maktaba hizi mbili unafanana kama kurwa na doto.

Ukiwa upande wa Microsoft, leseni haikusumbui, mitindo ndiyo inayokusumbua. Maktaba zake za madirisha zimepokezana: WinForms ilikuja 2002, WPF 2006, Silverlight 2007 ikazikwa 2021, UWP ikaja na Windows 10 mwaka 2015, WinUI 3 ikafuata 2021, MAUI 2022. Kila moja ilipotoka tuliambiwa ndiyo njia. Aliyekaa na WinForms muda wote huo aliitwa mshamba, na programu zake bado zinafunguka.

Lawama nyingine ya uongo kabla sijafika kwenye uchaguzi wangu. Duka likiongeza kompyuta ya pili, fundi analiweka faili la SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, kwenye folda ya mtandao na kuzielekeza kompyuta zote mbili huko. Inakwenda wiki kadhaa, kisha siku moja hifadhidata inasema imeharibika, na kundi zima linailaumu maktaba ya madirisha. SQLite ni kazi safi, imeanza mwaka 2000 na watunzaji wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi 2050, lakini wenyewe wanaonya wazi kwamba ufungaji wa mafaili kwenye folda za mtandao hauaminiki. Kompyuta mbili zikihitaji data moja, weka PostgreSQL au MySQL, hifadhidata zinazohudumia kompyuta nyingi kwa pamoja, kwenye mojawapo. Kubadilisha Qt hakutasaidia.

Kwa duka la kompyuta moja au mbili za Windows, leo ninachagua WinForms juu ya .NET Framework 4.8, jukwaa la Microsoft linaloziendesha programu hizo. Imo tayari ndani ya Windows 11 na ndani ya Windows 10 zilizosasishwa tangu 2019, na kwenye Windows 7 yenye Service Pack 1 inasakinishika. Programu yenyewe inakuwa ndogo kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp bila kumaliza bando la mtu. Sura yake ni ya kizamani, kwenye skrini zenye msongamano mkubwa wa nukta maandishi yake yanahitaji kubembelezwa, na Microsoft haiongezi tena vitu vipya kwenye 4.8. Yote hayo nimeyakubali. Mteja akiwa na Linux au Mac nahamia PySide. Anayejua lugha ya Pascal asione haya kutumia Lazarus, zana ya kuandikia programu za Pascal, inazalisha faili moja jepesi na haimwombi mteja chochote. GTK, maktaba nyingine ya madirisha, ningeibakiza kwa wanaolenga Linux tu. Kwenye Windows kuibeba na mafaili yake yote ni kazi inayochosha.

Na Electron? Kihariri cha msimbo cha Visual Studio Code kimejengwa juu yake na nakitumia kila siku, kwa hiyo sitajifanya haifai. GitHub waliianza mwaka 2013 kwa ajili ya kihariri chao cha Atom. Atom imeshafungwa, Electron bado iko. Lakini kila programu yake inabeba Chromium nzima, kiini cha kivinjari cha Chrome, mgongoni. Anayeitaka kwa mfumo wa duka aiwashe kwenye mashine ya GB 4 asubuhi, antivairasi ikiwa imewaka na Chrome imefunguliwa pembeni, amwachie muuzaji kipanya hadi duka lifungwe, ndipo aje tujadili.